Aliyechukua Kichwa cha Mama

Kicheko cha Olive ndicho kilichomkera Célestine kuliko kitu chochote katika parsele ya baba yao, kiwanja walichokaa wote. Si kwamba kilikuwa kibaya. Kingekuwa kibaya angekivumilia. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeshiba, kinaanzia tumboni, kinapanda, kinamwagika uani, mpaka majirani wa ng'ambo ya mto Mulongwe nao wanatabasamu bila kujua kuna nini. Célestine akikisikia, mkono wake unaochambua ndagala, visamaki vyake vya sokoni, unasimama hapo hapo, midomo inajikaza, na moyoni anasema neno lake la kila siku: anacheka kwa sababu hana cha kuogopa.

Wivu huo. Tuuite kwa jina lake, tusizunguke. Dada mtu mzima, anayeheshimika sokoni, anayepanga viti vya kanisani kila Jumamosi, alikuwa anamwonea mdogo wake wivu mpaka chakula kinamkwama. Na wiki ile wivu ulikuwa umepata sababu mpya, maana Olive alikuwa amechumbiwa. Thierry, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa Katogota kule uwandani, alikuwa ameshajileta mwenyewe kwa baba yao, mzee Jean-Marie, amekaa kwenye ukingo wa kiti kwa adabu, ametoa soda zake. Sasa ilikuwa zamu ya ukoo wake.

Huku kwetu ng'ombe wa mahari hawatajwi hivi hivi. Kwanza hutumwa mama mmoja mwenye masikio, anakuja kwa akina msichana kama mgeni wa kawaida, anakula, anasifu mboga, na katikati ya kusifu anauliza. Mna kifafa? Kuna mtu aliwahi kushtakiwa uchawi? Na zaidi ya yote: kichwa je? Kuna mgonjwa wa kichwa katika nyumba hii, wa leo au wa zamani? Jibu moja tu linatosha ng'ombe kubaki kwao.

Mzee Jean-Marie alimwambia Célestine kwamba Jumamosi anakuja shangazi yake Thierry, mama Victoire, na kwamba yeye ndiye atakayempokea, kwa kuwa mama wa nyumba hayupo na dada mkubwa ndiye mama. Hakumwagiza la kusema wala la kuficha. Akachukua fimbo yake akatoka. Célestine akabaki na sufuria mkononi, akijua kwamba ndoa ya Olive imewekwa kinywani mwake.

Maana kichwa katika nyumba ile kilikuwapo. Mama yao, Agnès, alikuwa mwalimu wa darasa la sita, mwanamke aliyesoma ukurasa mara moja akafunga kitabu na kuusema wote. Célestine alikuwa bado msichana mdogo, na Olive hajaanza hata shule, usingizi ulipoanza kumkimbia mama. Ukafuata usemi usiokwisha. Kisha asubuhi moja ya kiangazi akavaa nguo yake ya kazi, akashuka mtoni Mulongwe, akasimama katikati ya mawe na kuanza kuita majina ya wanafunzi. Ngendakumana! Kaneza! Eugène! Anaita, anangoja jibu, mawe yananyamaza, anaita mwingine. Watoto wa mtaa walikuja kuangalia kama sinema.

Aliyekuwa akitumwa kumrudisha ni Célestine. Kila mara yeye. Alisimama kando ya mama yake, ameshika pindo la kikwembe alichojifunga mama, anangoja majina yaishe ndipo wapande nyumbani. Na majina yalikuwa na mwisho mmoja siku zote. Baada ya wanafunzi wote mama aliinua shingo, akatazama mbali, akaita: Olive! Olive, ambaye hakuwa mwanafunzi wa mtu yeyote, aliyekuwa nyumbani anacheza na vifuniko vya chupa. Célestine, aliyemshika mama, aliyemwosha miguu, aliyetukanwa na watoto wenzake kwa ajili yake, hakuitwa hata siku moja. Wivu wake ulizaliwa pale mtoni.

Mama alifariki baadaye kwa malaria, malaria hii hii ya kila mtu, ingawa watu wa mtaa walipendelea kusema ni kichwa. Siku za kilio Célestine alikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni anamenya mihogo, akamsikia baba yake anamwambia mgeni mmoja: "Célestine ndiye alichukua kichwa ya mama yake." Mgeni akasema eh, Mungu wangu. Baba akashusha pumzi. Mtoto hakungoja la pili. Aliuacha mhogo pale, akakimbilia nyuma ya choo, akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Basi ndivyo alivyokua, na hukumu yake mfukoni. Kwa kuwa mama alicheka sana kabla ya kuugua, yeye aliacha kucheka kwa sauti. Kwa kuwa mama aliimba, aliacha kwaya. Usiku mmoja akikosa usingizi, kesho yake anajichunguza kutwa nzima: nimesema maneno mengi? Nimemtazama mtu vibaya? Na lile jambo la kushika maneno ndilo lililomtisha zaidi. Matangazo ya padri akiyasikia mara moja yanabaki yote, na jina la kila maiti, na saa ya kila misa. Majirani wakija kumwuliza padri alisema nini, anawapa nusu, nyingine anajifanya amesahau, wasije wakasema anafanana na mama.

Libérat, mwalimu wa Mutarule, alimtaka kwa moyo wote. Célestine naye alimtaka, jamani, alimtaka mpaka akawa anakosea kupima ndagala. Lakini alimwambia hawezi kuishi uwandani kwa sababu ya mbu. Mbu! Mtu wa mtaa wetu wa Mulongwe, unaojaa mbu, anamkimbia mbu! Libérat alimtazama, akaelewa kwamba amekataliwa ila hakuelewa kwa nini, akaenda zake. Leo mke wake huja sokoni na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, Célestine anamjazia kipimo mpaka kinamwagika, halafu anashinda na hasira mpaka jioni.

Na Olive je? Olive alipewa kila kitu. Miaka michache nyuma baba alimpeleka Bukavu kwa masista kujifunza kushona, ghafla tu, alfajiri, bila hata kuaga vizuri. Célestine alibaki na jua na harufu ya samaki. Mwenzake akarudi mviringo, mashavu yamejaa, anajua kukata suruali na gauni, na mtaa mzima ukasema Bukavu imemnenepesha. Tena usingizi wake! Mvua ikipiga, Mulongwe nzima inakaa macho kusikiliza kama mto unakuja kuchukua nyumba, Olive amelala, hageuki. Célestine hukaa kitandani anasikiliza vitu viwili, maji na pumzi za mdogo wake, na kinachomuuma zaidi ni pumzi.

Jumamosi mama Victoire alifika kwa pikipiki, mwanamke mnene, mtulivu, amebeba kikapu cha nyanya na ndizi za shambani. Olive alikuwa ametumwa kanisani kama desturi inavyotaka, asisikie akijadiliwa. Célestine alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo, ndagala za mawese na bugali laini. Walikula, na maswali yakaja moja moja. Olive anaamkia saa ngapi? Ana mdomo? Akikosewa ananuna au anasema? Ukoo wenu ulitoka mlima gani? Célestine alijibu yote kwa ufasaha.

Lile lenyewe alikuwa ameliandalia. Hakukusudia kusema ndiyo. Alikusudia kunyamaza kidogo zaidi ya inavyopasa, atazame chini, avute kikwembe, basi. Kimya kingefanya kazi, na hakuna atakayekuja kusema kwamba Célestine alifungua kinywa. Unaona akili hiyo? Mtu ameipanga toka Jumatano.

Lakini swali halikuja. Mama Victoire alinawa mikono, akasifu sombe mara ya pili, akaulizia bei ya ndagala, akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu. Hapo ndipo wivu ulipomchemka Célestine mpaka masikio yakawaka moto. Hata hili! Hata swali lililomfanya yeye amkimbize mwanamume aliyempenda, Olive anapita bila kuulizwa!

"Mama Victoire," alisema, "kuna kitu haujauliza."

"Gani, mwanangu?"

"Mama yetu alikuwa mugonjwa ya kichwa. Alikuwa anaita wanafunzi mu mto, pale chini. Na ile ugonjwa inafuata damu. Mumoja wetu iko nayo."

Hakusema ni yupi. Alitazama tu cherehani ya Olive pale pembeni, akaitazama kwa muda.

Mama Victoire alirudi kukaa. Hakuonyesha mshtuko wala huruma. Akasema kwa upole kwamba hilo hakuliuliza kwa sababu alikuwa analijua. Olive mwenyewe alikwenda Katogota pamoja na Thierry, mahari bado hata haijatajwa, akakaa mbele ya wazee, akawaambia habari za mama yake na habari zake za Bukavu, akasema anayetaka kurudi nyuma arudi sasa. Wazee walinong'ona, wakabishana sana, lakini Thierry hakuinuka alipokaa.

"Na alituambia juu yako vilevile," mama Victoire akaongeza. "Alisema dada yake, yaya Célestine, ndiye alichukua kichwa ya mama. Tulishangaa sana."

Neno Bukavu lilipita masikioni mwa Célestine lisipate pa kukaa, kwa kuwa hili la mwisho lilijaza nafasi yote. Kumbe! Kumbe Olive amekwenda kumwuza kwa watu wa uwandani, apate kuolewa! Sasa Katogota nzima inajua kwamba dada mtu ndiye kichaa, na kutoka Katogota mpaka Mutarule ni mwendo gani? Libérat naye ataambiwa. Mwanamke aliyemaliza kumwuza mdogo wake dakika ile ile alikuwa anatetemeka kwa kuuzwa. Mama Victoire alimshika mkono kumuaga, akasema siku ya mahari wangependa yeye ndiye awatajie majina ya ukoo. Célestine aliona anakejeliwa.

Olive alirudi anaimba, na kitenge kipya begani. Hakuachwa hata akiweke chini.

"Ulienda Katogota kuniita kichaa?"

"Minye?" Olive alijigusa kifua.

"Weye. Ulisema nalichukua kichwa ya mama. Kataa."

"Sikatae," Olive alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyeelewa amekosa nini. "Si kweli? Papa anasema ivyo toka zamani. Muntu anasikia mara moja, anashika yote. Anakusifu kwa kila mugeni, anasema angepata feza angekupeleka université. Ni kichwa ya mama, yaya. Iko ingine gani?"

Célestine alikaa. Hakutafuta kiti, alikaa kwenye gunia la ndagala, na ndagala zikavunjika chini yake. Akilini alimrudia baba yake ng'ambo ya ukuta ule wa jikoni, na mgeni aliyesema Mungu wangu, na pumzi iliyoshushwa, akaona kwamba vyote vile vingeweza kuwa vya mtu anayesifia mtoto huku anamlilia mke. Hakuwa amengoja neno la pili.

"Minye nalizania ugonjwa," alisema.

Olive alimtazama, na pole pole naye akafahamu. "Ugonjwa? Yaya, ugonjwa ilinikamata minye."

Ndipo akamweleza. Kule Bukavu kulikuwa na kushona kweli, lakini ni mchana, kwa wagonjwa waliokwisha kutulia. Yeye alikuwa amekesha siku nyingi, anazunguka uani, sauti zinamsemesha, na baba alimwondoa alfajiri kabla mtaa haujaamka. Célestine aliambiwa habari ya cherehani kwa sababu alikuwa mtu wa kushtuka hata sufuria ikianguka, na baba aliogopa kwamba akijua ataanguka naye. Mashavu yale yalikuwa ya dawa. Usingizi ule usiosikia mvua ulikuwa wa dawa. Kila mwezi akisema anakwenda kununua vifungo na nyuzi, anapitia kwanza kwa muuguzi.

"Na kicheko?" Célestine akauliza.

"Kicheko ni yangu."

Olive aliendelea kwamba daktari alimweleza mambo ya damu bila kumficha. Mtoto wa mama kama yule ana hatari kubwa kuliko mtoto wa jirani, ndiyo, lakini walio wengi hawaugui kamwe, na hakuna mtu anayeweza kutazama sura ya mtoto akasema ni huyu. Na anayeugua naye, akifuata dawa zake, akilala, akiwa na watu wa kukaa nao, anaweza kuishi vizuri tu, akafanya kazi, akapendwa. Olive alisema hayo anakunja kitenge chake, kama mtu anayesoma bei.

Unadhani Célestine alimhurumia? Alipaswa. Huruma ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni wivu, tena mkali kuliko wote wa nyuma. Huyu ameupata ugonjwa wenyewe, na ana mchumba, na ana kazi, na analala, na anacheka. Yeye hakuupata, na hakuwa na kimoja kati ya hivyo. Alikuwa ameishi kama mgonjwa ili asiugue. Alikuwa amejilinda yeye, anajichungulia kila asubuhi kwenye kioo, na mdogo wake aliyelala kitanda cha pili akaugua bila yeye kuona.

Kisha Olive akauliza swali ambalo lingekuja tu. Alitaka kujua mama Victoire aliuliza nini juu ya mama.

Célestine angeweza kudanganya. Mgeni alikuwa keshapanda pikipiki, na hakuwa mtu wa kupeleka maneno.

"Hakuuliza," alisema. "Minye ndiye nalimwambia. Nalitaka ng'ombe zikatae kuja."

Olive alikikunjua tena kile kitenge, akakikunja upya, akakikunjua.

"Itaniuma kwanza," alisema mwishowe. "Usiniambie pole leo."

Célestine hakusema pole. Aliinuka, akaanza kukusanya ndagala zilizovunjika, maana mikono ilihitaji kazi. Olive alikaa kwenye cherehani yake bila kushona. Akasema, bila kumtazama dada yake, kwamba naye amekuwa na wivu tangu utotoni, tena wivu mbaya. Yeye mama hamkumbuki. Sauti yake haikumbuki, wala mkono wake. Cha mama alichobakiziwa ni ugonjwa peke yake, na vingine vyote viko kichwani mwa Célestine, aliyevifungia kama mchoyo, hasimulii hata kidogo.

"Unisemee habari ya mama," Olive alisema. "Ata kile cha mu mto. Sitaogopa."

"Mu mto alikuwa anaita weye," Célestine alijibu. "Kila siku, kwa mwisho. Olive. Minye hakuniita ata mara moja."

"Weye ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Karibu yake. Nalishika kikwembe yake."

Olive aligeuka kwenye kiti. "Basi angekuita juu ya nini? Mwalimu anaita mutoto asiyemuona."

Célestine alikuwa na ndagala kiganjani. Alizitazama kama ndiyo kwanza anaziona. Kisha akaziweka chini, akajifuta mikono kwenye kikwembe, akasimama wima katikati ya ua kama alivyosimama mama yao, shingo juu, na kwa sauti ambayo hakuwahi kuiruhusu itoke tangu utoto wake, akaita:

"Ngendakumana!"

Olive alisita kidogo tu, kisha akaitikia nipo ya darasani, kwa Kifaransa. "Présent."

"Kaneza!"

"Présente."

"Eugène!"

Aliyaita yote, darasa zima, kwa mpangilio ule ule, na kila jina Olive aliliitikia kwa sauti tofauti, nzito, nyembamba, ya mtoro, ya mwenye mafua, mpaka kicheko kikaanza kumponyoka katikati ya machozi. Jina la mwisho Célestine alilitamka polepole.

"Olive."

"Présente," Olive alisema.

Majina yalikuwa yameisha. Hapa ndipo Célestine na mama walipokuwa wakipanda nyumbani. Lakini Olive aliinuka kutoka kwenye cherehani, akanyoosha shingo, akatazama mbali kwa makusudi, huku na huku, kama mtu asiyemwona aliye mbele yake.

"Célestine!"

"Présente," alisema Célestine, kwa sauti kubwa kupita kiasi, na ng'ambo ya mto majirani wakageuka kutazama.